Mtoto Akiumwa Kichwa, Aulizwe Nani?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake, twapenda kusema na ndugu zetu wa miji ya pwani juu ya jambo linalotuhusu sana, ingawa huenda likaanzia mbali na milango yetu.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna watu wetu Nairobi. Tangu Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920, Waislamu wa asili mbalimbali wamejenga pale Majengo nyumba, misikiti na vyuo. Na vizazi vya baadaye vimeenea Kaloleni, Shauri Moyo, Eastleigh, Buruburu, Umoja na Kayole. Damu haikukatika kwa umbali. Mtoto akiugua huko, huenda nyanya yake aliye huku akapata habari kabla ya jirani wa mlango wa pili. Basi na tutazame: tukishapata habari, sisi twajibu nini?

Natupige mfano. Mtoto wa miaka 7 akaaye Majengo amelalamikia kichwa mwezi mzima. Mamake alidhani kwanza ni jua, kisha akadhani ni hila ya kukimbia chuo. Mara akaona jicho moja limeanza kwenda upande, na mtoto akisema aona vikombe viwili pahala penye kimoja. Kila asubuhi huamka amekishika kichwa, akatapika, kisha akapata nafuu akaenda kucheza. Mama apiga simu pwani: "Shangazi, tufanyeje?" Na jibu litokalo huku, kabla ya kuuliza hata swali moja, ni hili: "Mwanao ametiwa jicho," au, "Huyo ni pepo wa ukoo, mlete kwetu aaguliwe." Hapo mtoto aliyekuwa mwendo mfupi tu na Hospitali ya Kenyatta, hospitali kubwa ya rufaa iliyoanza tangu 1901, hutiwa ndani ya basi akasafirishwa karibu kilomita 500 aje afungwe hirizi shingoni!

Imepokewa katika Hadithi ya Jabir (r.a.), aliyoitoa Abu Daud, kwamba Sahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha ikampasa kuoga janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliwakemea kwa ukali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, na akawafunza kwamba asiyejua hupona ujinga wake kwa kuuliza.

Izingatieni habari hii, enyi ndugu. Watu wale hawakuwa wabaya, wala hawakumchukia mwenzao. Walikuwa wacha Mungu, na walidhani wanaihifadhi dini. Lakini walijibu wasilolijua, na mtu mwenye jeraha la kichwa akafa kwa jibu lao. Je, sisi tumjibuo shangazi, mpwa au mkwe kwa simu, tumesalimika na lawama ile? Na yule ajiitaye tabibu, apigaye ramli na kupokea fedha za maskini, na akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) amemtia katika dhamana kila atibuye watu ilhali hajulikani kwa utabibu.

Atasema msemaji: "Kwani jicho la hasidi halipo? Hakuna kisomo katika Sunna?" Twajibu: lipo, na kisomo kipo. Msomeeni mtoto Fatiha na Muawidhatain, mwekeeni mkono kichwani, mwombeeni dua asubuhi na jioni. Lakini Mtume aliyetufunza kisomo ndiye aliyetuamrisha tutafute dawa, na ndiye aliyekataza kutundika hirizi. Nani aliyekupa yakini kwamba maradhi haya ni jicho la hasidi na si jicho la mtoto mwenyewe lililougua? Hiyo ni elimu ya ghaibu, na wewe hukupewa. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali. Msomeeni njiani mkienda.

Na tuseme sasa yale waliyoyathibitisha wenye ujuzi. Maumivu mengi ya kichwa kwa watoto sababu zake ni nyepesi: homa, njaa, usingizi mchache, kipandauso, au macho yanayotaka miwani. Mtoto akunjaye uso atazamapo ubao na akasogeza msahafu karibu na pua, huenda haja yake ni vioo viwili tu, na sisi twamwita mvivu wa kusoma.

Lakini ziko dalili zisizongojewa. Fuvu la kichwa ni sanduku la mfupa. Ndani yake mna ubongo, damu na maji. Kukizuka uvimbe, au njia ya maji yale ikiziba, mgandamizo huzidi ndani. Mtu alalapo huzidi zaidi, ndiyo sababu kichwa huuma alfajiri na kutapika kukafuata. Mshipa wa fahamu uvutao jicho upande wa nje huweza kudhoofika, jicho likaelekea puani, na mtoto akaona kitu kimoja kuwa viwili. Na ule mshipa wa kuonea huvimba pale unapoingia jichoni. Daktari huutazama kwa chombo chenye taa kupitia mboni, bila ya kisu wala maumivu. Tazameni hekima ya Mola wetu: amelifanya jicho dirisha la kichwa. Basi makengeza mapya, kuona vitu viwiliviwili, kupepesuka katika mwendo, au kichwa kimwamshacho mtoto usingizini, hayo yote yataka daktari upesi. Na kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, au kifafa, au mtoto kulegea asiamke vizuri, hayo hayangojei hata kupambazuke.

Iko na dalili nyingine ambayo mwanzoni haina uchungu: weupe ndani ya mboni, ung'aao kama jicho la paka, na huenda ukaonekana kwanza katika picha iliyopigwa kwa taa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 yaweza kuwa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Ikigunduliwa mapema, hupona. Ikicheleweshwa, hufuata mshipa wa kuonea hadi ubongoni. Miezi tunayoipoteza kwa mganga ndiyo miezi aliyokuwa akiihitaji mtoto. Wala msitie jichoni maji ya majani, wala dawa za matone zilizonunuliwa bila ya ushauri. Ya kwanza huleta vidonda katika kioo cha jicho, na baadhi ya hizo za pili huzidisha mgandamizo wa jicho hata likapofuka.

Haya si mambo ya kigeni kwetu. Ammar bin Ali wa Mausil, yapata miaka 1000 iliyopita, alitoa mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Kairo yapata mwaka 1040, alibainisha kwamba kuona huwa kwa nuru iingiayo jichoni. Walimwabudu Mungu na wakaulizia kazi Yake. Ni msiba kwamba sisi tumebakiwa na majina yao ya kujivunia, na swali tumeliacha.

Basi siku simu itakapolia kutoka Nairobi, jibu letu na liwe hili. Kwanza: "Sijui, mpelekeni kwa ajuaye." Neno "sijui" ni nusu ya elimu. Pili: waende kituo cha afya cha mtaa, waombe barua ya rufaa kwa hospitali kubwa, kama Mama Lucy Kibaki iliyo huko huko Eastlands, au Kenyatta. Tatu: mama aandike katika karatasi siku maumivu yalipoanza, saa yanaposhika, kutapika, na aliyoyaona machoni, kwani mtoto hajui kujieleza. Nne: akipewa vidonge vya maumivu na hali isibadilike, arudi na aulize tena. Kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Ni haki ya mtoto iliyo juu ya mzazi. Tano: jamaa wajiandikishe mapema katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, wasingoje maradhi yabishe hodi.

Na sisi wa pwani tuna sehemu yetu. Ile nauli ya basi na ile bei ya kuku wa mganga, na ipelekwe Nairobi iwe ya kumfikisha mtoto kwa daktari. Huo ndio udugu, na hiyo ndiyo sila ya jamaa. Tukishafanya hayo, tutawakali kwa Mola wetu, kwani daktari hutibu na Mwenyezi Mungu ndiye aponyaye. Akipona mtoto, tushukuru. Na ikiwa ajali yake imefika, tusubiri, ilhali tumejua kwamba hakufa kwa jibu letu.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atujaalie ndimi zisizosema ila zilijualo. Amin.