Mtoto Ameruhusiwa

Pengine asubuhi hii yupo mama anayetoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa. Madaktari wameufunga mgongo, wakaweka mrija wa kutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Ameruhusiwa. Majirani wanasema, "Tumshukuru Mungu, amepona."

Tumshukuru, ndiyo. Ila kazi ya mama ndiyo kwanza inaanza. Kwa wengi wa watoto hawa mkojo hautoki vizuri wenyewe; mama hufundishwa kuutoa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, mchana na jioni, akiwa amenawa mikono vizuri. Mrija nao unaweza kuziba usiku wowote: mtoto anatapika, analegea, utosi unavimba, macho yanaelekea chini. Hapo hakuna kungoja kuche.

Nani mwingine nyumbani anazijua dalili hizo? Mara nyingi hakuna, na hilo linaniuma. Baba, bibi, shangazi, nendeni wodini kabla ya siku ya kuruhusiwa, muuguzi awafundishe nanyi. Jirani mwenye bajaji, mwachie mama namba yako, mwambie apige hata saa nane usiku. Maneno ya laana na mkosi yaishie mlangoni. Yamewafanya akina mama wawafiche watoto wao mpaka siku za kliniki zikawapita.

Ukipita kwa mama huyo leo, usiishie kuuliza mtoto anaendeleaje. Nawa mikono, mpokee, mama apate usingizi.