Kutetemeka na Kuchagua



Katika somo la ilmul-kalam hapa Mbale tunasoma hoja ya Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, katika Kitabul-Luma'. Anataka kuonyesha kwamba mja ana sehemu yake katika vitendo vyake, ingawa Muumba wa vyote ni Allah (s.w.). Mfano wake ni wa kawaida kabisa: yuko anayetetemeka kwa kupooza au kwa homa, na yuko anayekwenda na kurudi kwa hiari yake. Kila mtu, asema, anaijua tofauti hiyo nafsini mwake bila kuhitaji dalili. Wengi wetu huliandika hilo kwenye mtihani na kulisahau. Mimi limenikaa, kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaani kwetu Nalufenya, Jinja.

Hajji huyo alipatwa na kiharusi, akapona kiasi cha kutembea na mkongojo. Miezi ikapita, likaja jambo jingine. Kaakaa lake laini, kule nyuma ya kinywa penye kimeo, likaanza kupanda na kushuka lenyewe, kama mara mbili kwa sekunde, na macho yakacheza juu na chini pamoja nalo. Madaktari wanaijua hali hii. Katika shina la ubongo na ubongo wa nyuma kuna vituo vitatu vilivyoungana kama pembetatu, ambavyo Wafaransa Guillain na Mollaret walivieleza mwaka 1931. Njia hiyo ikijeruhiwa, kituo kimoja, kinachoitwa zeituni kwa umbo lake, hakisinyai kama mtu angetarajia. Huvimba taratibu, seli zake zikaanza kupiga mdundo mmoja, na misuli ikaufuata. Ndiyo sababu ugonjwa huchelewa. Mara nyingi hauachi hata mgonjwa akilala, na sote tunajua kwamba aliyelala kalamu imeinuliwa kwake.

Msikitini yalisemwa mengi. Majini, ndiyo, hayakukosekana. Wengine walisema ana kiburi, hamtazami mtu usoni. Kijana mmoja alidai kwamba swala ya Hajji ni batili kwa kuwa harakati tatu mfululizo huibatilisha. Kijana alisoma nusu ya ukurasa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mtetemo usioweza kuzuiwa ni udhuru, na tena macho na ulimi havihesabiwi kama mkono au mguu. Aya ya 286 ya al-Baqara inatosha hapa.

La uimamu ni zito zaidi. Hajji alikuwa akituswalisha alfajiri. Wenye kusoma tajwidi wanajua kwamba ghunna ya mim na nun hupitia puani, na kaakaa laini ndilo mlango wake. Mlango ukifunguka na kujifunga wenyewe, sauti inakatika. Mafaqihi wetu wanasema asiyeweza kuitamka herufi ya al-Fatiha swala yake mwenyewe ni sahihi, ila asimswalishe anayeiweza. Kwa hiyo alirudi safu ya nyuma. Nakubaliana na hukumu hiyo, ingawa inauma. Nisichokubali ni jinsi watu walivyochanganya kupungukiwa uwezo na kupungukiwa dini.

Ujuzi anaousema al-Ash'ari ni wa ndani. Mimi naujua mtetemo wangu, siujui wako. Wapo hata watu wachache wanaoweza kulichezesha kaakaa lao kwa kupenda, na ukiwatazama huoni tofauti. Jicho basi haliwezi kuamua. Kinachobaki ni neno la mwenyewe, na Hajji akisema si mimi, anayembishia anadai ujuzi wa kilichomo moyoni mwa mtu.

Ajabu ni kwamba hapohapo Nalufenya, katika hospitali ya watoto, mama huja na mtoto mwenye degedege la malaria na hakuna anayemuuliza mtoto kwa nini anarusha miguu. Na jina hilohilo wengi Uganda wanalikumbuka kwa kituo cha polisi kilichofungwa mwaka 2018 baada ya malalamiko ya mateso. Ulimi unaokiri chini ya kiboko nao unatikiswa na mwingine, na fiqhi haiukubali ungamo huo.

Mtu ataniambia: ukikubali kila neno, waongo watajificha humo. Ni kweli, na katika haki za watu, kama deni au jinai, kadhi ataomba ushahidi. Lakini katika ibada na heshima ya mtu mambo ni tofauti. Angalieni eda: mwanamke akisema hedhi yake imekwisha, mafaqihi wanalipokea neno lake maadamu muda unawezekana, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuulizwa. Sioni kwa nini kaakaa la Hajji lidaiwe mashahidi ambao hedhi haidaiwi.