Juhudi Isiyo na Taraja ya Ushindi

Mtu akiazimia jambo ilhali yakini anajua kuwa hatalipata, je, juhudi yake ina thamani yoyote, au ni ghururi tu ya nafsi ipendayo kutazamwa?

Historia ya kugombea urais wa Marekani imejaa wanyonge waliothubutu, lakini aghalabu tunaowasifu ni wale waliobahatika, mfano wa Harry Truman, ambaye mwaka 1948 gazeti moja la Chicago lilikwisha kumtangaza kuwa ameshindwa, naye siku mbili baada ya uchaguzi akaliinua mbele ya wapiga picha, uso umemjaa kicheko. Sifa hizo, tukizipima kwa insafu, ni sifa za ushindi wala si za ushujaa. Kwani lau angalishindwa, zile safari zake ndefu za garimoshi za kuomba kura zingaliitwa ukaidi.

Mizani iliyo sawa ni ya Shirley Chisholm wa Brooklyn, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo, kisha mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, ambaye Januari 1972 alijitokeza kutaka uteuzi wa chama cha Democratic, hana mali, hana jaha, na wengi aliowategemea, wanaume weusi na wanawake weupe, wakampa kisogo. Aliambulia kura 152 hivi katika mkutano wa Miami Beach, na aliyeteuliwa akawa George McGovern.

Lakini Mei ya mwaka ule, mpinzani wake George Wallace, Gavana wa Alabama aliyejipatia jina kwa kutetea ubaguzi wa rangi, alipopigwa risasi akapooza miguu, Chisholm alikwenda hospitali kumjulia hali, na wafuasi wake mwenyewe wakaghadhibika. Mwenye kutafuta ushindi tu asingalikwenda, maana ziara ile ilikuwa ya kumpunguzia kura, si ya kumzidishia.

Hapo ndipo tuonapo kwamba mja amekabidhiwa nia na jitihada, na matokeo yamo mikononi mwa Mola. Wengi huyatamka maneno haya kumliwaza aliyeshindwa, nami nayaona kuwa ni mzigo mzito kuliko liwazo: kwani ikiwa hatuulizwi ushindi, basi hakuna awezaye kukaa kitako akatoa udhuru kwamba asingalishinda.