Asante, Nimeshiba

Vijana wenzangu, Julai iliyopita, baada ya jumuiya hapa Lushoto, mwenzetu aliyeshuka kwa miguu kutoka Magamba alinikuta nakula. Nikamwambia, "Karibu chakula." Akajibu, "Asante, nimeshiba." Basi, nikaendelea na ugali wangu. Baadaye nikasikia hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Jamani, niseme sikujua? Nilijua. Kwetu mgeni hapokei karibu ya kwanza; anasubiri aone kama unamaanisha. Mimi nilikaribisha kwa adabu tu, na jibu lake likanifaa, maana ugali wenyewe ulikuwa mdogo.

Fungua Luka 24:28-31. Walipokaribia Emau, Yesu alifanya kama anaendelea na safari. Wale wawili hawakusema "haya, safari njema." Walimng'ang'ania: giza linaingia, lala kwetu. Na ni pale mezani, alipoumega mkate, ndipo wakamtambua. Hebu fikiria wangemwacha apite!

Juzi yule ndugu kapita tena. "Nimeshiba," akaanza. Nikamsogezea kigoda jikoni: "Kaa kwanza, kaka, na baridi hii!" Akakaa. Akanawa mikono.