Ufa Usiovuja

Je, mtu aliyenyamaza amesema uongo? Swali hili tumelizoea kwenye midahalo ya shule, ambapo mwenyekiti hugonga meza na upande wa upinzani hupiga makofi. Mimi nililikuta chini ya lori, nimelala chali juu ya boksi, dizeli inanichuruzikia kwapani.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunifikisha mbali. Mjomba akanipeleka gereji moja hapa Dar es Salaam nijifunze ufundi, na usiku nikawa naandika riwaya yangu kwenye madaftari. Siku moja likaletwa lori ambalo mwenyewe alilalamika kuwa linachoka milimani. Alikuwa amenunua pampu ya kuvuta dizeli, kubwa kuliko ile ya zamani. Kazi yangu ilikuwa kufungua mipira ya mafuta.

Nati ya mpira unaotoka kwenye tangi ikagoma. Kutu na vumbi la miaka vilikuwa vimeifanya kitu kimoja na shingo yake ya shaba. Fundi, kabla hajaenda kununua washa, alikuwa ameniagiza: "Dogo, usikurupuke. Mwagia mafuta ya taa, ngoja. Halafu spana mbili. Moja ishike shingo, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja utanyonga kila kitu."

Lakini dereva alikuwa na haraka ya safari ya Mbeya, nami nilitaka kuonyesha kuwa nimeiva. Nikachukua spana moja, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili nipate nguvu, nikavuta. Nati ikaachia. Na ile shingo ikapata ufa mwembamba kama unywele. Niliuona. Nikaupaka grisi, nikazungushia tepu, nikafunga pampu mpya.

Tukatoa upepo, injini ikawaka. Fundi akapitisha kitambaa, kikatoka kikavu. "Safi," akasema. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu.

Hapa, msomaji usiyejua injini, nivumilie kidogo. Mbele ya pampu mafuta husukumwa. Penye ufa yatavuja na kila mtu atayaona. Nyuma ya pampu, upande wa tangi, mafuta huvutwa. Penye ufa hewa ndiyo inayoingia. Chini panaweza kubaki pakavu kabisa, na gari ikiwa imesimama gereji itanguruma vizuri tu. Ngoja ipande mlima na mzigo. Injini inadai mafuta mengi, pampu inavuta kwa nguvu, hewa inazidi kuingia, na injini ya dizeli ikila hewa inakufa.

Lori lilizimika kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa, usiku. Waliliwekea mawe kwenye matairi wakalala hapo hapo. Namshukuru Mungu halikurudi nyuma. Dereva aliporudi Dar alikuwa ameshapata jibu lake: utingo kaweka dizeli chafu. Kijana wa watu kafukuzwa. Alikuwa rika langu, na siku ile ya pampu alinimegea nusu ya chapati yake.

Mwaka 1797 mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliandika kwamba ni kosa kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako kajificha wapi. Wengi humwona alipitiliza. Lakini hata yeye alizungumzia maneno yanayotamkwa, na mimi sikutamka neno. Nilijifariji hivyo siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaikumbuka ile tepu. Niliizungusha ili ufa usionekane. Mkono wangu ulisema kile ambacho mdomo wangu uliogopa kusema. Na fundi hakuniuliza kwa sababu aliniamini. Nilichokula ni imani yake.

Nilipokiri, fundi hakunipiga wala hakunisifu. Alinikata mshahara wa shingo mpya na akampelekea tajiri wa lori habari za kweli. Utingo akatafutwa, hakuonekana tena.

Washkaji kijiweni waliniambia, "We fala, nani angejua?" Siwacheki. Kijana asiye na kazi nyingine anajua ukweli unauzwa bei gani mjini hapa, na mara nyingi anayelipishwa ni mnyonge. Lakini hapo ndipo hoja yao inapovunjika. Nilipokataa kulipa, deni halikufutika. Liliteremka ngazi moja, likamkuta mnyonge kuliko mimi. Nilidhani nimenyamaza tu, kumbe nimeacha nafasi wazi, na nafasi hiyo ikajazwa jina la mwenzangu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena kwa tepu. Hawakutuambia kwamba ipo namna ya kuziba inayozidi kubomoa.

Katika riwaya yangu nilikuwa na shujaa anayekiri kosa lake papo hapo, na umati ukamshangilia. Sura ile nimeichana. Naiandika upya, na safari hii anakiri akiwa amechelewa, aliyestahili kuombwa radhi ameshaondoka. Bado sijajua sentensi ya mwisho. Gerejini natumia spana mbili, na kila utingo anayeingia getini namtazama usoni kwanza.