Mfuasi wa Kambi

Waingereza wana jina la mtu asiye askari aendaye nyuma ya jeshi, mpishi, dobi, mchuuzi au mke; humwita mfuasi wa kambi, na jina hilo likitajwa juu ya mwanamke hubeba dharau. Neno letu mfuasi halina aibu. Hata hivyo humfanya mtu kivuli cha mwenzake, kana kwamba jeshi lingeweza kwenda peke yake.

Tutazame vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki. Mbung'o walimaliza wanyama wa mizigo, basi chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi wa Waingereza waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam. Upande wa Wajerumani, wake za askari waliandamana na waume zao hata jeshi la Lettow-Vorbeck lilipovuka Ruvuma mwaka 1917. Walitwanga, walipika, walijitwika mizigo, walijifungua njiani.

Yuko atakayesema kwamba mke alifuata kwa hiari, na mwenye hiari hadai ujira. Hoja hii ina nguvu kidogo, wala haimfai mpagazi aliyekamatwa kijijini kwake. Lakini hiari ya mtoaji haiondoi deni la mpokeaji ajuaye anachopokea; na jeshi lilijua vema ni nani aliyelilisha.

Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba asiyekuwa na hati alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, aliyelikumbuka alilipwa. Watu hucheka wakiisimulia habari hii. Mimi hujiuliza: ajuza aliyemtwangia nafaka askari yule, lau angepewa ufagio huo, angefanya nini? Angefagia, na kufagia hakukuwamo katika mtihani.

Sanamu ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni ya askari mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mpagazi ni mmojawapo. Mwanamke hayumo katika hizo mbili.