Tulidhani Yuko Kwenye Gari Lingine

Andiko la msingi: Luka 2:41–52

Shule zimefungwa, na najua wengi wenu wiki hii mnapakia watoto na mizigo kwenda kumwona nyanya. Kabla hamjatoka, keti nami kidogo. Nina jambo la kukiri. Kijana wangu amenipa ruhusa ya kulisema, na ninamshukuru, kwa sababu linamhusu yeye lakini linaniaibisha mimi.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, tulitoka hapa Embu kwenda Meru, nyumbani kwao mama watoto. Ni kama kilomita 130. Magari yalikuwa mawili, letu na la kaka yangu. Watoto mnajua walivyo: kila tukisimama wanabadilishana magari, wakimfuata mwenye chaja au mwenye muziki. Kijana wangu alikuwa na miaka 15. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemnyang'anya simu kwa sababu wiki nzima alikuwa amenuna, hataki kuongea na mtu. Nilidhani hiyo ndiyo dawa.

Mama yake ndiye aliyeshika usukani. Tulipopita Runyenjes, kijana aliniinamia kutoka kiti cha nyuma akasema, "Baba, tukisimama nataka tuongee kidogo." Mimi nilikuwa kwenye simu na mzee wa kanisa, tukipanga mambo ya tenti na viti vya mkutano. Nikajibu, "Mm." Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya baba, mtumishi wa Mungu.

Chuka tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Wengine wakaenda chooni, wengine wakanunua ndizi. Nilimaliza simu moja nikapokea nyingine. Tukaingia magarini, tukaondoka.

Tulipoanza kuteremka bonde la Nithi nikasema, "Tuombe." Kila anayetumia barabara hii anapajua pale. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka darajani na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Sisi hatupapiti bila maombi. Basi nikageuka niwaambie watoto wafumbe macho, nikaona nafasi yake iko wazi. Nikampigia kaka yangu aliyekuwa mbele. "Kijana yuko kwenu?" Akasema, "La, si yuko kwenu?" Bila kufikiri nikapiga namba ya kijana. Simu ikalia ndani ya begi langu mwenyewe.

Wapendwa, somo letu linaanzia hapo. Tazama mstari wa 44. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa watu wa ibada, wanaenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, na mwaka huo mtoto alikuwa na miaka 12. Wakati wa kurudi walitembea siku nzima wakidhani yuko katika msafara. Hawakuuliza. Walidhani. Mzazi anaweza kumpoteza mtoto akiwa anatoka kanisani, tena akiwa na roho safi kabisa, kwa neno hilo moja: kudhani. Tunadhani shule inaongea naye. Shule inadhani nyumbani wanaongea naye. Mama anadhani baba, baba anadhani mchungaji wa vijana. Kila mmoja anadhani mtoto yuko kwenye gari la mwenzake.

Jambo la pili: waligeuka. Hawakusema, "Ni mkubwa, atajua njia." Walitembea siku moja bila yeye, lakini walimpata baada ya siku tatu. Kumpoteza ni rahisi kuliko kumpata, na njia ya kumrudia ni ndefu kuliko ile ya kumwacha. Mzazi, kama ulimwacha kijana wako miaka mitatu iliyopita, usitegemee kumpata kwa jioni moja ya chipsi na soda. Geuka tu. Uanze kurudi.

Sisi tuligeuza gari pale Nithi. Mama yake alikuwa analia na kunena kwa lugha. Mimi, nitasema ukweli, hofu ilipopungua hasira ilipanda. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumwambia, na mkono nao ulikuwa tayari.

Tulimkuta ameketi kwenye benchi nje ya duka, palepale kituoni. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Baba, nilikuwa nakungoja. Ulisema tukisimama tutaongea."

Watu wa Mungu, maneno yangu yote yaliisha.

Nikamwambia mama yake aendelee na wadogo zake. Mimi na kijana tukapanda matatu ya Meru, viti vya nyuma kabisa. Nikazima simu yangu. Kutoka Chuka hadi Chogoria hakusema kitu, nami sikumsukuma. Baada ya Chogoria akaanza. Shuleni yeye na wenzake walikuwa wanatafuna muguka usiku ili wakeshe wakisoma. Muhula mzima. Sasa hapati usingizi, alama zimeanguka, na hakujua atamwambia nani, maana baba yake ni mchungaji.

Nataka mnielewe vizuri. Kaunti za Pwani zilipopiga muguka marufuku mwaka 2024, hapa Embu tulilalamika, na tulikuwa na sababu: kuna karo za watoto zinazotoka katika mashamba hayo, na sadaka pia. Mimi mwenyewe nilizungumza kwa nguvu juu ya riziki ya mkulima. Sikuwahi kumuuliza kijana wangu hata swali moja. Leo sihukumu shamba la mtu. Ninajihukumu mimi.

Jambo la tatu liko mstari wa 46 na 47. Walimpata Yesu wapi? Katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Na walimu wale, wazee wenye mvi na elimu, walimsikiliza mtoto wa miaka 12 hadi wakashangazwa na majibu yake. Hebu jiulize: kijana wako akitafuta mahali pa kusikilizwa, atakwenda wapi? Yesu aliketi hekaluni. Wangu alipata sikio bwenini, usiku, kwa wenye muguka.

Mariamu naye alikuwa na uchungu, na aliusema wazi. Lakini aliuliza kwanza, kisha akanyamaza apate jibu. Jibu lenyewe hawakulielewa, na bado akaliweka moyoni. Ni baada ya mazungumzo hayo ndipo Luka anatuambia kwamba mtoto alishuka nao Nazareti, akawatii. Sisi tunataka utii kabla ya mazungumzo.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuzungumze na watoto Neno la Mungu tukiwa nyumbani na tukiwa njiani. Njia ni madhabahu, wapendwa. Gari likiwa limejaa watu na kila mtu ana waya masikioni, madhabahu hiyo haina moto.

Kwa hiyo mkisafiri likizo hii, wahesabu watoto kwa majina, usihesabu vichwa tu. Zima simu yako kabla hujachukua ya mtoto. Na kijana akikuambia, "Tukisimama tuongee," simamisha gari.

Kijana wangu bado tunatembea naye. Kuna usiku anashinda, kuna usiku ananiamsha, nami naamka tunaketi jikoni. Hatujafika, lakini safari hii tuko gari moja.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe hukutuacha tulipopotea. Tusamehe tuliodhani. Tupe miguu ya kugeuka na masikio ya kusikia. Linda kila familia iliyo barabarani wiki hii, na kila kijana anayengoja mahali fulani, mfikishie mzazi wake leo. Katika jina la Yesu. Amina.